Kipima-joto cha Jua: Kitupime au Kitupimie?

Ndugu wafanyakazi, siku hizi maneno "jengo lenye akili" yameingia katika karatasi za miradi na katika midomo ya wakubwa. Maana yake ni jengo ambalo vyumba vyake vimetiwa vyombo vidogo vya kupima joto, mwanga na hewa, navyo vinapeleka habari kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua feni izunguke au isimame, kiyoyozi kiwake au kizimwe. Chombo kinachosifiwa kuliko vyote katika jamii hiyo ni kipima-joto kisichotaka waya wala betri ya kubadilishwa, kwa kuwa kinajilisha chenyewe kwa mwanga wa jua. Wapo wanachama waliotuuliza kama jambo hili linatuhusu sisi wa Kabatoro, ambako nyumba nyingi ni za tofali na mabati na wenye viyoyozi wanahesabika kwa vidole. Jibu letu ni kwamba linatuhusu, na afadhali tulisemee sasa kuliko kungoja vyombo vifike na kukuta vimekwisha kufungwa ukutani.

Kwanza tukieleze chombo chenyewe, maana mtu hawezi kudai au kukataa asichokijua. Ndani yake mna punje ndogo ya madini ambayo joto likipanda, umeme hupita ndani yake kwa urahisi zaidi, na likishuka umeme hupita kwa shida. Hiyo ndiyo thamistori. Juu yake pana kipande cha seli ya jua, pengine kisichozidi upana wa vidole viwili, cha aina ile ile tuliyoizoea katika mashine ndogo za hesabu za madukani. Kipande hicho hakihitaji jua la mchana wa wazi. Mwanga wa kawaida wa chumba chenye dirisha unatosha, ingawa mwanga huo ni sehemu ndogo mno ya ule wa nje. Umeme unaopatikana ni kidogo hata hauwezi kuwasha taa ya kusomea, lakini chombo nacho kinakula kidogo: kinalala karibu muda wote, kinaamka baada ya dakika kadhaa, kinapima, kinatuma habari kwa redio kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha kinalala tena. Akiba ya mchana inakivusha usiku. Vyombo vya namna hii vilianza kuuzwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2012 lugha yake ya redio ilikubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba ni majaribio.

Sababu ya wakubwa wa dunia kuvipenda ni gharama ya nishati. Shirika la Kimataifa la Nishati linasema kwamba matumizi ya majengo yanakula kama asilimia 30 ya nishati yote inayotumika duniani. Chumba kinachopozwa bila mtu ndani ni hasara tupu, na kipima-joto kinaweza kuikomesha. Hilo ni jema na hatulipingi. Lakini tunapenda kuwakumbusha wanachama habari moja ambayo wauzaji hawaitaji sana. Mwaka 1883 mwalimu mmoja wa Whitewater, katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, jina lake Warren Johnson, alipata hati ya uvumbuzi wa kipima-joto cha umeme cha chumbani. Shida iliyomsumbua haikuwa bei ya makaa. Katika shule yake, mtumishi wa tanuri alikuwa akiingia darasani mara kwa mara kutazama joto, halafu anateremka chini ya nyumba kurekebisha milango ya hewa moto. Johnson akatengeneza chombo kilichopiga kengele huko chini, ili mtumishi ajue bila kupanda. Hivyo tangu mwanzo chombo hiki kilizaliwa katikati ya chumba cha anayekaa na chumba cha anayefanya kazi, na swali likawa kengele impigie nani na kwa faida ya nani. Swali hilo halijazeeka.

Sasa tuje kwetu. Kabatoro iko kilometa chache kusini ya mstari wa Ikweta, katika Bonde la Ufa, kiasi cha meta 900 tu juu ya bahari, wakati Rwenzori yenye barafu inatutazama kutoka kaskazini. Mvua zinazonyesha milimani hazitufikii zote. Jua letu halina msimu wa kujificha: saa kumi na mbili za mchana, mwaka mzima. Kwa seli ya jua hakuna mahali bora. Kwa mtu aliyeketi chini ya bati jeusi lisilo na dari, saa nane mchana, ni jambo jingine.

Ndiyo maana tunasema wazi kwamba jengo la Kabatoro lipewe akili katika msingi na paa kabla ya kupewa akili katika kompyuta. Penye Ikweta jua linapiga kuta za mashariki asubuhi na kuta za magharibi jioni, hivyo madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini. Paa litoke nje vya kutosha kufunika ukuta. Dari iwepo, na kati ya dari na bati pawe na tundu la kutolea hewa moto. Bati lipakwe rangi nyeupe. Miti ipandwe upande wa machweo. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachotaka redio. Kule Harare, jengo la Eastgate lililofunguliwa mwaka 1996 lilijengwa na Mick Pearce kwa kuiga jinsi kichuguu kinavyopitisha hewa, usiku likivuta ubaridi ndani ya zege na mchana likiutoa taratibu, na jengo zima la ofisi na maduka likaendeshwa bila mitambo ya kawaida ya kupozea. Vichuguu tunavyo vya kutosha humu Kasese. Tunasikitika tunapoona ofisi mpya imejengwa kama sanduku la vioo lililotazama magharibi, kisha likaombewa fedha za vipima-joto ili "kuokoa nishati". Huko ni kuuguza mtu kwa makusudi ili upate kumwuzia dawa.

Lakini paa likiwa jema, chombo nacho kina kazi. Kitaonyesha kama tundu la hewa limeziba, kama chumba cha karani kinapata joto kuliko cha mkubwa, kama ile saa ya mchana tunayoilalamikia ni kweli au ni maneno ya wavivu, kama tunavyoambiwa. Malalamiko bila tarakimu hupuuzwa. Mjumbe wa tawi akiingia katika mazungumzo na karatasi ya miezi mitatu inayoonyesha joto la chumba cha kazi, saa kwa saa, hazungumzi tena kwa kuomba.

Hapa pana mtego ambao kila mjumbe anapaswa kuujua. Kipima-joto cha kawaida kinapima hewa tu. Mwili wa mtu haupati joto kwa hewa peke yake. Unapata kwa mwali wa bati lililo juu ya kichwa, unapata kwa unyevu unaozuia jasho lisikauke, na unapata nafuu kwa upepo. Hewa inaweza kusoma nyuzi 30 huku mtu aliye chini ya bati la moto akiwa na mzigo wa joto wa mbali zaidi. Jambo hili lilijulikana vizuri katika miaka ya 1950, pale jeshi la majini la Marekani lilipoona kuruti wake wanaanguka kwa joto katika mazoezi. Ikatengenezwa njia ya kupima inayochanganya vitu vitatu: kipima-joto kilichofungwa utambi wenye maji, ili kuonyesha nguvu ya jasho kukauka, kingine kilichowekwa ndani ya tufe jeusi la shaba, ili kushika mwali, na cha kawaida kivulini. Kwa kazi ya juani, cha utambi kinahesabiwa sehemu saba katika kumi, cha tufe sehemu mbili, na cha hewa sehemu moja tu. Sehemu moja katika kumi! Basi mwajiri akisema, "Tumefunga chombo, nacho kinaonyesha hali ni nzuri," swali la kwanza liwe kinapima nini. Kipimo cha hewa tupu kinaweza kuwa shahidi wa uongo aliyevaa suti.

Tena pana jambo la mahali pa kukifunga. Chombo chenyewe kinataka mwanga ili kile, lakini kikiangukiwa na jua kinapima joto la ganda lake, si la chumba. Fundi asiyejali atakibandika dirishani ili seli ishibe, na tarakimu zitakuwa za ajabu. Fundi mwerevu atakiweka ukuta wa ndani, usawa wa kifua cha mtu aliyeketi, mbali na jiko na mbali na mlango, mahali penye mwanga wa kusomea lakini pasipofikiwa na jua lenyewe. Kikiwekwa nje, kikae ndani ya kisanduku cheupe chenye mianya, na seli yake iwekwe kando kwa waya mfupi. Seli hiyo isilazwe bapa, ijapokuwa hapa Ikweta jua liko karibu utosini. Iinamishwe kidogo ili mvua ioshe vumbi.

Na chumvi. Sisi wa Kabatoro hatuwezi kusema habari ya mtambo wowote bila kusema habari ya chumvi. Ziwa Katwe limewalisha watu tangu enzi za wafalme, na ni hiyo chumvi iliyomfanya Lugard ajenge boma lake hapa mwaka 1891, akaliita Fort George. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970, kikajengwa kiwanda kikubwa kando ya ziwa kwa ufundi na fedha kutoka Ujerumani Magharibi, ili chumvi itengenezwe kwa mabomba na mvuke badala ya mikono na vidimbwi. Maji ya ziwa hili si maji ya bahari. Yana magadi na chumvi nyingine kali zilizochanganyika. Yaliyatafuna mabomba. Kiwanda hakikufanya kazi kwa muda wa maana, chuma chake kikaachwa kiliwe na kutu mbele ya macho ya watu wanaochimba kwa mikono hadi leo. Hatutaji habari hii kwa kudharau mitambo. Tunaitaja kwa sababu chombo kilichopimwa katika ofisi ya Ulaya hakijapimwa katika hewa ya Kabatoro. Miguu midogo ya shaba na risasi iliyomo ndani ya kipima-joto ni chakula kitamu kwa hewa ya chumvi. Kabla ya kununua mia, vifungwe vitano, viachwe mwaka mzima kiangazi na masika, kando yake pawe na kipima-joto cha kioo cha kulinganishia, kisha vifunguliwe na mafundi wa hapa hapa na kutazamwa. Mwuzaji asiyekubali hilo ana jambo analoliogopa.

Wanaosema kwamba chombo hiki ni cha kudumu, kwa kuwa hakina betri ya kutupwa, wana haki nusu. Betri zile ndogo za kidonge ni taka mbaya, na watoto huzimeza. Kuondokana nazo ni faida. Lakini hata akiba ya umeme iliyomo ndani inachoka, ganda la plastiki linapasuka, na mara nyingi kampuni inaacha kutengeneza vipuri. Kinachodumu ni kile ambacho fundi wa Kasese anaweza kukifungua kwa bisibisi na kukifunga tena. Kilichogandishwa kwa gundi tangu kiwandani, hata kikila jua, ni cha kutupwa tu.

Kuna siri nyingine ndogo. Kipima-joto kinakula jua, sawa, lakini kile kipokezi kinachosikiliza redio zake na ile kompyuta inayoweka kumbukumbu vinakula umeme wa laini. Laini ikikatika, vipima-joto ishirini vinaendelea kusema peke yao kama wahubiri katika kanisa tupu. Kwa hiyo tunataka kipokezi nacho kiwe na paneli na betri yake, na kila chombo kiwe na uwezo wa kuweka kumbukumbu zake ndani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, pale wilaya ya Kasese pamoja na shirika la WWF walipotangaza shabaha ya nishati safi kwa kila nyumba kufikia mwaka 2020, paneli zimeenea hata vijijini, na mafundi wa umeme wa jua wapo. Wengine walijifunza kwa kuharibu. Hao ndio wapewe kazi hii, tena kwa mafunzo yenye cheti na mshahara wa fundi, si posho ya siku mbili wakati mgeni anapokuja kufunga.

Ikiwa tunaulizwa vyombo vya kwanza vifungwe wapi, hatuna haja ya kufikiri sana. Vifungwe zahanati. Chanjo nyingi za watoto zinataka zikae kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Zikipata joto zinakufa, na nyingine zikiganda zinakufa, wala kwa macho huwezi kuona tofauti. Mwuguzi anaichoma dawa iliyokufa akidhani amemkinga mtoto. Friji zinazoendeshwa na jua moja kwa moja, bila betri kubwa, zipo na zinatumika Afrika nzima; kando yake kipima-joto kinachopiga kengele usiku si anasa. Watu wa Bwera wanajua habari hii kuliko wengi. Mwezi wa Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka kutoka Kongo ikaingia wilaya yetu, kila aliyepita Mpondwe alipimwa joto la mwili, na chanjo iliyoletwa kwa ajili ya wauguzi na waliowakaribia wagonjwa ilikuwa ya kutunzwa katika baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi. Wafanyakazi wa afya walisimama pale mpakani juani na kipima-joto mkononi. Joto la msafiri liliandikwa. Joto walilofanyia kazi wao wenyewe, ndani ya mavazi ya mpira, sisi hatujaona mahali lilipoandikwa.

Hapo ndipo ilipo shina la hoja yetu. Chombo kile kile kinaweza kumtumikia mfanyakazi na kinaweza kumchunga. Katika majengo yenye akili kipima-joto hakikai peke yake. Kinafuatana na kingine kinachojua kama mtu yumo chumbani au hayumo, ili taa izimwe. Kinachojua kwamba chumba ni kitupu kinajua pia kwamba karani ametoka saa nne na kurudi saa nne na nusu. Kumbukumbu hiyo ikikaa kwa meneja peke yake, siku moja itatolewa katika kikao cha nidhamu. Uganda inayo sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu, nayo inataka mtu ajulishwe habari zake zinakusanywa kwa kazi gani. Tunaisoma sheria hiyo kuwa inahusu ukuta wa ofisi kama inavyohusu simu. Habari iliyokusanywa kwa ajili ya joto itumike kwa joto.

Kwa hiyo katika mkataba wowote utakaozungumzwa mahali penye vyombo hivi, tunapendekeza kifungu kama hiki: tarakimu za joto zionekane ukutani mahali pa kazi kwa maandishi makubwa, si katika kompyuta ya mkubwa tu, nakala ya kumbukumbu za kila mwezi apewe mjumbe wa wafanyakazi, kikomo cha joto kitajwe, na pale kikomo kinapopita, mapumziko, maji na kivuli vitolewe bila kukatwa mshahara, na kumbukumbu hizo zisitumike kuhesabu hatua za mtu. Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 40, inataka sheria za kumhakikishia mfanyakazi hali ya kazi iliyo salama na yenye afya, na tangu mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani limeliweka jambo hilo miongoni mwa haki za msingi za kazi. Shirika hilo hilo lilikadiria mwaka 2024 kwamba wafanyakazi bilioni 2.41 hukumbwa kila mwaka na joto la kupita kiasi. Mwenye kusema joto si shauri la chama na awasomee hao.

Tunajua pia kwamba msomaji mmoja kando ya ziwa ataweka gazeti chini na kusema, "Haya ni mambo ya wenye ofisi." Ana haki. Wanaume wanaopasua mwamba wa chumvi wakiwa ndani ya maji makali, na wanawake wanaokusanya chumvi katika vidimbwi, hawana paa wala ukuta wa kutundikia kitu. Mtambo wao wa nishati ya jua ni kidimbwi chenyewe: jua linakausha maji, chumvi inabaki, na walikuwa wakifanya hivyo kabla neno hilo halijaingia katika miradi. Joto linalowapatia chumvi nyingi ndilo linalowaumiza. Tungependa kuona nguzo moja pale ufukoni, yenye tufe jeusi, utambi wa maji na seli ya jua, na kibao kikubwa kinachosomeka kutoka majini. Nguzo hiyo ni kazi ya mafundi wawili kwa siku moja.

Kigumu ni kinachofuata. Karani akionyeshwa tarakimu nyekundu anaye mwajiri wa kumdai saa ya mapumziko. Mchimba chumvi analipwa kwa alichokitoa ziwani, na mwenye kidimbwi naye ana mnunuzi anayengoja na lori. Tarakimu ikigeuka nyekundu saa saba mchana, nani atailipa ile saa? Tumeliweka swali hili mbele ya tawi, na tunataka wenye vidimbwi, wachimbaji na wanunuzi waketi pamoja kulijibu kabla ya nguzo kusimikwa.